Mlango wa Darasa la Chuo: Elimu ya Juu na Haki ya Wanafunzi Wenye Ulemavu

Kila ifikapo mwezi Oktoba, vyuo vikuu na vyuo vya kati nchini Tanzania hufungua milango kwa wanafunzi wapya. Parokia zetu huwasindikiza vijana hao kwa sala, kwa baraka ya Paroko na mara nyingi kwa michango ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Miongoni mwao wamo wachache wenye ulemavu: kijana asiyeona aliyemaliza kidato cha sita kwa kusoma nukta nundu, binti kiziwi aliyefaulu licha ya kukosa mkalimani kwa masomo mengi, mwanafunzi mwenye ualbino anayelazimika kuinamia karatasi ili asome, na mwingine anayetembea kwa kitimwendo. Wote wamevuka vikwazo ambavyo wenzao hawakukutana navyo. Wanapopokea barua ya udahili, familia hushangilia na kudhani kwamba sehemu ngumu ya safari imekwisha.

Kwa wengi wao sehemu hiyo ndiyo kwanza inaanza. Chuo kimemkubali mwanafunzi, lakini darasa bado halijajiandaa kumpokea. Tunaona inafaa kulitafakari jambo hili sasa kwa sababu mbili. Kwanza, Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi, uliopangiwa kipindi cha mwaka 2021/22 hadi 2025/26, umefika ukingoni mwa muda wake, na kila ukomo wa mkakati ni wakati wa kuhesabu kilichofanyika na kilichobaki. Pili, vyuo vyetu vimo katika kipindi cha ujenzi mkubwa. Kupitia Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, maarufu kama HEET, Serikali ilipata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, na tangu mwaka 2021 fedha hizo zimeelekezwa hasa katika kuvipanua na kuviboresha vyuo vikuu vya umma. Ukumbi wa mihadhara unaojengwa leo utatumika kwa nusu karne au zaidi. Ukijengwa vibaya, wajukuu zetu ndio watakaoupanda kwa shida.

Sheria imekwisha kusema

Hatuanzi mwanzo. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka 2009 Tanzania iliuridhia. Ibara ya 24 ya Mkataba huo inataka elimu iwe jumuishi katika ngazi zote, na inavitaja waziwazi elimu ya juu na mafunzo ya ufundi: mtu mwenye ulemavu apate elimu hiyo bila ubaguzi, kwa usawa na wengine, na afanyiwe marekebisho yanayofaa kulingana na hali yake. Mwaka uliofuata, Bunge letu lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, iliyoiweka haki hiyo ndani ya sheria za nchi.

Wala hatuzungumzii kundi dogo. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana aina fulani ya ulemavu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani kote watu hao ni bilioni 1.3, yaani takribani mtu mmoja kati ya kila sita. Ukiingia katika ukumbi wa chuo wenye wanafunzi mia tatu, uwiano huo huuoni. Wengi wao waliishia njiani, katika shule ya msingi au ya sekondari. Waliofika chuoni ni masalia ya kundi kubwa, na kila mmoja anayekata tamaa akiwa mwaka wa kwanza anaondoka na miaka kumi na mitatu au zaidi ya juhudi zake, za wazazi wake na za walimu wake.

Kizuizi kiko wapi?

Mara nyingi tunaposikia neno ulemavu, tunatazama mwili wa mtu. Tungefanya vema zaidi kulitazama darasa lenyewe.

Tuanze na jengo. Kanuni inayotumika sana katika ujenzi inataka njia ya mteremko ya kitimwendo iwe na urefu usiopungua mara 12 ya kimo chake. Ngazi nne zenye jumla ya sentimita 60 zinahitaji njia yenye urefu wa mita 7.2. Fundi anayemwaga zege la mita mbili tu mahali hapo, kisha akasema ameweka njia ya walemavu, ametengeneza mahali pa kuangukia. Na hata njia ikiwa sahihi, haifai kitu ikiwa mlango ni mwembamba, ikiwa choo kiko ghorofa ya chini na darasa liko ya tatu, au ikiwa kumbi zilizojengwa kwa ngazi zinamwacha mwenye kitimwendo peke yake mbele, mgongo ukiwa kwa wenzake. Vimbweta, ambako wanafunzi hujadiliana na kusaidiana, navyo mara nyingi vimezungukwa na mchanga au ngazi. Asiyefika kwenye kimbweta amekosa nusu ya masomo ya chuo.

Kizuizi cha pili ni maandishi. Mhadhiri anaonesha slaidi ukutani na kusema, “Kama mnavyoona hapa, namba hii imepanda na hii imeshuka.” Asiyeona hajui ni namba gani. Baadaye mhadhiri huyo, kwa nia njema kabisa, anatuma sura za kitabu alizozipiga picha. Leo zipo programu zinazosoma maandishi ya kompyuta kwa sauti. Mojawapo, NVDA, ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia wasioona, na hutolewa bure. Lakini programu kama hiyo husoma maandishi. Picha ya ukurasa kwake ni karatasi tupu. Faili lililochapwa vizuri, likatumwa kabla ya kipindi, lingemaliza tatizo bila chuo kutoa hata shilingi. Kwa upande wa vitabu, Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania imejiunga nao, unaruhusu vitabu vyenye hakimiliki kugeuzwa katika maumbo ambayo wasioona wanaweza kuyasoma. Ruhusa hiyo ipo. Maktaba inayoitumia ndiyo inayotafutwa.

Kizuizi cha tatu ni sauti. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili yenye sarufi yake, na kwa kiziwi ndiyo lugha ya kufikiria. Mwanafunzi kiziwi asiye na mkalimani hukaa saa mbili akitazama midomo ya mtu anayetembea huku na huko na kuugeukia ubao. Wakalimani ni wachache, na wanaomudu msamiati wa sheria, tiba au uhandisi ni wachache zaidi. Mkalimani mmoja hawezi kufanya kazi kwa saa nyingi mfululizo bila kupokewa. Siku hizi hata tangazo la kubadilishwa kwa ukumbi hutumwa kwa sauti katika kundi la WhatsApp: kiziwi halisikii. Au hutumwa kama picha ya karatasi iliyobandikwa ubaoni: asiyeona halisomi. Siku hiyo wote wawili huandikwa watoro.

Kizuizi cha nne ni mitihani. Baraza la Mitihani la Tanzania lina utaratibu unaojulikana kwa shule zote: karatasi za nukta nundu, maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu, na muda wa nyongeza, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mwanafunzi aliyezoea utaratibu huo anapofika chuoni, mara nyingi hukuta kwamba jambo hilo limeachwa kwa utashi wa kila mhadhiri. Mmoja humwongezea muda, mwingine humwambia kwamba sheria ni moja kwa wote. Haki inayotegemea hali ya moyo ya mtu asubuhi ya mtihani bado haijawa haki.

Wapo pia wale ambao ulemavu wao hauonekani kwa macho: mwenye kifafa, anayeugua maradhi ya akili, anayeshindwa kusoma kwa haraka ingawa ana akili timamu. Hawa huogopa kujitambulisha kwa kuwa wanajua watakavyoitwa. Na hapa tuseme neno kuhusu majina. Kiswahili chetu kimewaweka kipofu, kiziwi na kilema katika ngeli moja na kiti na kisu. Ndugu zetu viziwi wamelichukua jina lao na kulivaa kwa fahari, kama chama chao, CHAVITA, kinavyoonesha. Wengine wanaomba waitwe watu wasioona, watu wenye ulemavu, kwamba neno mtu litangulie. Ni adabu ndogo, na inagharimu pumzi moja tu.

Kanisa liliwahi kutangulia

Historia inatupa fahari na pia deni. Shule ya kwanza ya wasioona hapa nchini, ile ya Buigiri mkoani Dodoma, ilianzishwa na ndugu zetu Waanglikana mwaka 1950. Shule ya kwanza ya viziwi ilianzishwa Tabora na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Katika miaka hiyo taifa lilikuwa changa na fedha zilikuwa haba, na familia nyingi ziliwaficha watoto wa namna hiyo ndani ya nyumba. Wamisionari na makatekista waliwatafuta kijiji kwa kijiji, wakawafundisha kusoma.

Watoto wa shule hizo sasa wanabisha hodi vyuoni, na Kanisa lina vyuo. Kutoka katika kituo cha mafunzo cha Nyegezi cha mwaka 1960, Maaskofu wetu walianzisha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Leo tunavyo pia vyuo vya Kanisa Iringa, Mbeya, Moshi, Mtwara, Tabora na kile cha afya cha Bugando. Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, Tabora, kimekuwa kikiandaa walimu wa elimu maalumu, kazi inayostahili shukrani. Hata hivyo, kumwandaa mwalimu wa watoto wasioona ni jambo moja, na kuwa na kitivo cha sheria au cha biashara ambamo asiyeona anasoma bila kuomba msaada kila saa ni jambo lingine. Katiba ya Kitume Ex corde Ecclesiae, aliyoitoa Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 1990, inakitaka chuo kikuu cha Kikatoliki kiwe jumuiya inayoongozwa na heshima kwa utu wa kila mwanadamu. Kipimo cha jumuiya hiyo ni mtu ambaye ni vigumu zaidi kumkaribisha.

Mwanga wa Injili na Mapokeo

Mwinjili Marko, katika sura ya pili, anasimulia juu ya mtu aliyepooza ambaye watu wanne walimbeba hadi nyumba alimokuwa Yesu. Umati ulikuwa umeziba mlango. Wale wanne hawakumwambia mgonjwa arudi siku nyingine. Walipanda juu, wakaliondoa paa na kumteremsha. Bwana hakulalamikia paa lililobomolewa. Aliitazama imani yao. Mwenye nyumba bila shaka alikuwa na kazi ya ukarabati siku iliyofuata, lakini jengo lilirekebishwa kwa ajili ya mtu, na Injili inaliita tendo hilo imani.

Katika sura ya saba ya Injili hiyo hiyo, Yesu anamponya kiziwi. Kabla ya kusema neno lolote, anamtenga na umati, anamgusa masikio na ulimi, kisha anatazama juu mbinguni. Alizungumza naye kwanza kwa mikono na kwa macho, njia ambazo mtu yule aliweza kuzipokea. Mwalimu mwema huanza pale mwanafunzi alipo.

Mapokeo nayo yana ushuhuda ambao wengi hatuujui. Katika karne ya 4, shule maarufu ya katekesi ya Alexandria, hapa hapa barani Afrika, iliongozwa na Didimo, mwamini mlei aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa na umri wa takribani miaka minne. Inasimuliwa kwamba alijifunza herufi kwa kupapasa maumbo yaliyochongwa katika mbao, miaka zaidi ya elfu moja na mia nne kabla ya Louis Braille kubuni nukta nundu. Mtakatifu Hieronimo, mfasiri mkuu wa Biblia, alikwenda kusoma kwake. Katika karne ya 11, monasteri ya Reichenau huko Ujerumani ilimpokea Hermani, mtoto ambaye mwili wake ulikuwa umelemaa kiasi cha kushindwa kutembea na kuongea kwa shida. Wamonaki walimbeba na kumsikiliza kwa saburi, naye akaandika juu ya nyota, hesabu, muziki na historia. Mtakatifu Fransisko wa Sale alimfundisha kiziwi aitwaye Martino mafundisho ya imani kwa ishara, na leo ni msimamizi wa viziwi. Jumuiya hizo zingedai kwamba hazina nafasi, Kanisa lingekuwa maskini zaidi.

Hayati Papa Fransisko, katika Waraka wake Fratelli tutti wa mwaka 2020, aliwafananisha watu wengi wenye ulemavu na wakimbizi waliofichwa ndani ya jamii zao wenyewe: wapo, lakini hawahesabiwi kuwa ni wa mahali hapo. Mwanafunzi anayeruhusiwa kukaa darasani huku asielewe kinachofundishwa ni mkimbizi wa namna hiyo.

Hoja za fedha na za viwango

Wapo wanaosema kwamba nchi yetu ni maskini na vyuo vina madeni. Hoja hii ina uzito, na hatuidharau. Mashine za kuchapa nukta nundu ni ghali, wakalimani wanapaswa kulipwa, na chuo kinachotegemea ada za wanafunzi huhesabu kila senti. Lakini gharama kubwa zaidi hutokana na kuchelewa. Njia ya mteremko iliyomo katika mchoro wa kwanza wa jengo ni sehemu ndogo ya gharama yote. Ile inayoongezwa baadaye hudai kubomoa. Tena mengi tuliyoyataja hayahitaji fedha: kutuma notsi mapema, kusema kwa maneno kilichoandikwa ubaoni, kumtazama mwanafunzi unapozungumza, kuhamisha kipindi kutoka ghorofa ya tatu kwenda ya chini.

Wengine wanahofu kwamba viwango vitashuka. Hofu hii inachanganya lengo na njia. Lengo la mtihani wa sheria ni kupima kama mwanafunzi anaijua sheria. Haupimi kasi ya macho wala ya mkono. Anayesikiliza swali badala ya kulisoma hajapewa jibu. Wataalamu wa elimu wameliendeleza wazo hili katika mtazamo wa kufundisha kwa kuwalenga wote tangu mwanzo: maarifa yatolewe kwa njia zaidi ya moja, mwanafunzi aruhusiwe kuonesha anachokijua kwa njia zaidi ya moja, na hamu ya kujifunza iamshwe kwa njia zaidi ya moja. Wanaonufaika ni wengi. Kipaza sauti kinachomsaidia mwenye usikivu hafifu kinamsaidia pia aliyekaa nyuma. Notsi zilizochapwa kwa ajili ya asiyeona zinamfaa pia kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na ambaye bado anapambana na mhadhara wa Kiingereza. Njia ya mteremko inamfaa mama mjamzito na mzee anayefanya usafi.

Na wapo wanaopendekeza wajengewe vyuo vyao. Shule maalumu zina kazi yake kwa watoto wadogo wanaohitaji msingi wa nukta nundu au wa lugha ya alama. Lakini hakimu, mwalimu na mhasibu mwenye ulemavu atafanya kazi na watu wote. Tukiwatenga vijana hawa wakati wa kusoma, wenzao nao watatoka chuoni bila kujua kufanya kazi nao, kisha watakuwa waajiri wao. Sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Watatoka wapi wenye sifa, ikiwa chuo kiliwaacha mlangoni?

Wajibu wetu

Kwa viongozi wa vyuo, hasa vyuo vya Kanisa, tunapendekeza mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo. Kwanza, kila chuo kiwe na utaratibu ulioandikwa wa mitihani na wa notsi kwa wanafunzi wenye mahitaji maalumu, ili mwanafunzi asilazimike kujieleza upya kwa kila mhadhiri. Pili, hakuna mchoro wa jengo utakaopitishwa kabla haujapitiwa na mtu anayetumia kitimwendo na mtu asiyeona. SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, linaweza kutoa watu hao. Tatu, ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi iwaulize wanafunzi wenyewe kila semesta nini kimewashinda, na majibu yafike kwenye meza ya Makamu Mkuu wa Chuo.

Wahadhiri wengi wa vyuo vyetu ni waamini wa parokia zetu. Tunawaomba wakumbuke kwamba mwanafunzi aliyenyamaza mbele yao huenda hajanyamaza kwa kukosa la kusema. Vijana wa TMCS, umoja wa wanafunzi Wakatoliki vyuoni, wanaweza kujifunza alama chache, kumsomea mwenzao, kufuatana naye hadi darasani siku ukumbi unapobadilishwa, na kudai pamoja naye bila kumwachia adai peke yake.

Na sisi parokiani? Tunapochangia ada ya kijana mwenye ulemavu, tuulize pia kuhusu kompyuta yake, fimbo nyeupe, shimesikio, mafuta ya ngozi kwa mwenye ualbino. Tuwasaidie wazazi kujua kwamba Bodi ya Mikopo huwatazama kwa namna ya pekee waombaji wenye ulemavu, na kwamba uthibitisho wa daktari huandaliwa mapema. Tuangalie vilevile milango ya makanisa yetu, kwani hatuwezi kukidai chuo kikuu njia ya mteremko huku altare zetu na vyumba vyetu vya maungamo vikiwa juu ya ngazi sita. Mwanzoni mwa kila Misa tunaungama pia wajibu tulioacha kuutimiza. Huu ni mmojawapo.

Mtume Paulo anawafundisha Wakorinto kwamba viungo vinavyodhaniwa kuwa dhaifu ni vya lazima kwa mwili mzima. Vijana hawa wamekwisha kufanya sehemu yao. Wamesoma usiku, wamefaulu, wamefika. Tuwaombee, tuwaulize wanachohitaji, na tuhakikishe kwamba Oktoba ijayo mlango wa darasa unawatosha.